Sura ya Tatu: Kwa Nini “Kaa Wima” Haitoshi

Kokote wanakofundishwa watu kupanda farasi, iwe kwenye vilabu vya Nairobi au kwenye viwanja vya Ulaya, sauti inayosikika kuliko zote ni ya mwalimu aliyesimama katikati ya uwanja akipaza: kaa wima, mabega nyuma, visigino chini! Mwanafunzi hutii. Kwa hatua chache huonekana kama mtu wa kwenye picha, halafu farasi anakata kona, mwili unarudi ulikozoea, na mwalimu anapaza tena. Hali hiyo inaweza kuendelea miaka nenda miaka rudi, mwalimu akiamini mwanafunzi hasikii, mwanafunzi akiamini mwili wake haukuumbwa kwa kazi hiyo. Hoja ninayoitetea katika sura hii ni kwamba wote wawili wanatafuta kosa mahali lisipokuwepo. Amri ni sahihi na utii upo. Kibovu ni kipimo. Anayeambiwa akae wima hana namna ya kujua kama amefika isipokuwa kwa kuusikiliza mwili wake, na mwili huo umekwisha kuuzoea upinde wake hata ukauhesabu kuwa ndio unyoofu. Mpaka hisia zenyewe zifundishwe, kuelekeza mkao ni kutwanga maji kwenye kinu.

Shuleni tulifundishwa milango mitano ya fahamu. Upo wa sita ambao hautajwi sana, nao ndio unaomhusu mpanda farasi: ule unaomwezesha mtu kujua mkono wake uko wapi hata akiwa amefumba macho. Charles Sherrington, mwanafiziolojia Mwingereza aliyekuja kupata Tuzo ya Nobel mwaka 1932, ndiye aliyeipa hisi hiyo jina lake la kitaalamu mnamo 1906. Kazi yake hufanywa na vihisio vidogo vilivyomo ndani ya misuli, kano na viungo, vinavyopeleka habari kwenye ubongo juu ya mvutano na pembe za kila kiungo; habari hizo huchanganywa na zile za ngozi, macho na sikio la ndani. Sasa, ubongo una tabia moja ambayo ni neema katika maisha ya kawaida na balaa juu ya tandiko: husikiliza mabadiliko, na hupuuza kisichobadilika. Ndiyo maana mtu husahau kwamba amevaa saa. Bega la kushoto lililokaa juu ya lile la kulia kwa miaka kumi halitoi tena habari yoyote. Limekuwa sehemu ya ukimya. Mwalimu akilishusha kwa mkono wake mpaka yawe sawa, mwanafunzi atasema kwa dhati kabisa kwamba sasa ndipo amepinda. Hadanganyi. Anaripoti tofauti kati ya alipo na alipozoea, maana hicho ndicho anachoweza kukihisi.

Mtu aliyelieleza jambo hili kwa subira kuliko wote hakuwa mwalimu wa farasi. Frederick Matthias Alexander, aliyezaliwa Tasmania mwaka 1869, alikuwa mghani wa tamthilia za Shakespeare ambaye sauti yake ilianza kumkauka jukwaani. Kupumzisha koo kulimsaidia kwa muda tu. Akirudi kughani, sauti inakwenda. Alijiwekea vioo na kujitazama, akaona kwamba kila anapotaka kutamka anavuta kichwa nyuma, anabana koo na kuvuta pumzi kwa mdomo kwa kishindo. Hadi hapo hakuna ajabu. Ajabu ilikuja alipoamua kupeleka kichwa mbele, akahisi wazi kwamba amefanya hivyo, kisha akaongeza vioo vya pembeni na kukuta kwamba katika sekunde ile ile ya kutamka alikuwa bado anakivuta nyuma, tena pengine zaidi ya awali. Alikuwa na nia, alikuwa na maarifa, na alikuwa na hakika. Vyote vitatu vilimdanganya. Alieleza safari hiyo katika kitabu chake cha 1932, The Use of the Self, wakati ambapo alikuwa amekwisha kufundisha London tangu 1904. Mtu anaweza kusema kwamba simulizi ya mtu mmoja mbele ya vioo si ushahidi wa kisayansi, na ni kweli. Si kila dai lililotolewa baadaye na wafuasi wake lafaa kumezwa bila kutafunwa. Lakini jambo lenyewe halihitaji imani. Mpanda farasi yeyote mwenye rafiki na simu ya kurekodi anaweza kupigwa picha kutoka nyuma, aambiwe aseme kwanza amekaa vipi, kisha aonyeshwe alivyokaa.

Kama kosa lingebaki kwa mpandaji peke yake, lingekuwa jambo la sura tu. Linakuwa zito kwa sababu chini yake yuko mnyama anayesoma miili. Ushahidi maarufu wa hilo ulitoka Berlin mwanzoni mwa karne ya 20, kwa farasi aliyeitwa Hans. Mwenyewe, mwalimu wa hisabati aliyestaafu, Wilhelm von Osten, alimwonyesha hadharani akijibu hesabu kwa kugonga ardhi kwa kwato. Mwaka 1904 iliundwa kamati kuchunguza kama kuna ulaghai, haikuona. Mwanasaikolojia Oskar Pfungst aliendelea kupima, na katika taarifa yake ya 1907 alionyesha kwamba Hans hakujua hesabu hata kidogo. Alijibu sawasawa pale tu muulizaji mwenyewe alipojua jibu na farasi alipoweza kumwona. Hesabu ya kugonga ilipofikia jibu, muulizaji alilegeza mvutano na kuinua kichwa kidogo mno bila kujua, na Hans aliacha kugonga. Hata Pfungst, baada ya kuzigundua ishara hizo, aliona ni vigumu kuzizuia mwilini mwake. Watu husimulia kisa hiki kuwacheka waliodanganyika. Mimi naona fundisho lake kubwa liko kwa farasi: anazipata habari ambazo mtoaji hajui kwamba anazitoa. Hans alitumia macho. Farasi aliyepandwa ana zaidi ya macho. Ana ngozi inayomhisi nzi mmoja akitua na kumtikisa kwa misuli iliyo chini yake, na juu ya ngozi hiyo, ingawa kuna tandiko katikati, kuna kilo sitini au themanini za mtu anayepumua, kukaza na kuegemea. Mpandaji anayedhani anatoa amri moja kwa mguu wa kulia huenda anatoa nyingine tatu kwa kiuno, paja na pumzi, zote zikipingana na ile ya kwanza. Kisha farasi huitwa mkaidi.

Hapa ni vizuri msomaji asome kwa makalio yake. Chukua kiti kigumu kisicho na mto, kaa karibu na ukingo wa mbele, nyayo zote mbili sakafuni, kisha ingiza viganja chini ya makalio vikiangalia juu. Utagusa mifupa miwili migumu. Hizo ni ncha za chini za fupanyonga, na ndizo zinazopaswa kubeba uzito wako juu ya farasi. Nyong’onyea kwanza, mgongo ukunjike: ncha zitateleza kuelekea mbele na uzito utahamia nyuma, upande wa kifandugu. Sasa jiamuru kukaa wima kama askari kwenye gwaride. Kifua kinatoka, mbavu za mbele zinainuka, kiuno kinabonyea kwa ndani, ncha za mifupa zinaelekea nyuma, na uzito unamwagika kwenye mapaja. Katikati ya hali hizo mbili kuna mahali ambapo ncha zinatazama chini moja kwa moja na misuli ya kiuno, mbele na nyuma, haina haja ya kukaza sana. Watu wengi hupapita bila kupatambua, kwa kuwa hapahisiki kama juhudi. Ukiwa hapo, tazama sakafu karibu na vidole vyako; kichwa cha mtu mzima kina kilo nne mpaka tano, na utahisi kikivuta mkao wote mbele. Inua macho, zuia pumzi, uone jinsi makalio yanavyokuwa mepesi kwenye viganja. Mwisho, linganisha viganja viwili. Ni nadra vibebe sawa.

Jaribio hilo la kiti linaonyesha kwa nini amri ya gwaride haikosi tu kusaidia bali huharibu. Farasi akienda telki, miguu yake hugusa ardhi kwa jozi za mkingamo, na mgongo wake hupanda na kushuka kwa kila jozi huku ukizama kidogo upande mmoja baada ya mwingine. Anayekaa juu yake hawezi kutulia kwa kuganda. Anaonekana ametulia kwa sababu viungo vyake vya nyonga vinafunguka na kufunga kwa kipimo kile kile cha mgongo ulio chini yake. Kiuno kilichobonyezwa kwa nguvu huzifunga nyonga hizo. Mtikisiko uliopaswa kumezwa hapo hupanda mpaka kwenye mabega, kichwa kikaanza kunesa, viwiko vikakaza, mikono ikarukaruka, na hatamu zikaupeleka mruko huo mpaka kwenye lijamu iliyo kinywani mwa farasi. Farasi huinua kichwa kukimbia maumivu na mgongo wake unabonyea, jambo linalofanya kiti kiwe kigumu zaidi kukalia. Mwalimu, akiona mikono, anapaza amri mpya: tuliza mikono! Mwanafunzi anakaza viwiko zaidi. Kila amri inatibu mahali maumivu yalipojitokeza na kuacha yalikoanzia, na mwanafunzi mwenye bidii ndiye anayeumia haraka kuliko mvivu.

Wazee wa fani hii waliliona tatizo muda mrefu kabla ya vioo vya Alexander. Xenophon, mwanajeshi na mwandishi wa Ugiriki ya kale, katika risala yake juu ya upandaji ya karne ya 4 kabla ya Kristo, alitaka mpandaji asikae kama aliyekaa kitini. Awe kama mtu aliyesimama wima miguu ikiwa imepanuka, na mguu kuanzia goti kwenda chini uning’inie kwa ulegevu. Wagiriki hawakuwa na tandiko kama la leo wala vikuku vya kukanyagia, hivyo mwili haukuwa na kitu cha kuegemea isipokuwa mizani yake. Shule ya farasi ya Vienna, yenye historia tangu karne ya 16, imefanya ukosefu huo kuwa mtaala: mwanafunzi mpya hupanda farasi anayezungushwa kwa kamba ndefu na mwalimu, bila vikuku na bila hatamu, kwa miezi mingi kabla ya kukabidhiwa uongozi wa mnyama. Mantiki yake ni nzuri. Ukimwondolea mtu vitu vya kushika na kukanyaga, unamwondolea njia za kuficha kupoteza mizani; kila kosa linahisika pale pale, kwa sauti kubwa, na hisia zilizolala huamka. Vijana wa Lamu wanaoshindana mbio za punda msimu wa Maulidi, wengi wao bila tandiko, hupata fundisho kama hilo bila kulipia ada. Lakini tusitie chumvi. Kuondoa vikuku hakumfundishi kila mtu. Mwoga hubana mapaja, na kubana kunamrusha juu. Ukosefu wa vikuku hufaa kwa kuwa mwalimu yupo anayemwongoza mwanafunzi aangalie nini, na farasi yuko mikononi mwa mwingine.

Aliyeuunganisha urithi huo na elimu ya mwili ya karne ya 20 kwa lugha ya watu wa kawaida ni Mmarekani Sally Swift. Alizaliwa 1913, uti wa mgongo wake ulipinda tangu utotoni, na kwa sababu hiyo alifanya mazoezi kwa miaka chini ya Mabel Elsworth Todd, mwandishi wa The Thinking Body cha 1937. Kufundisha upandaji kwa namna yake alikuanza baada ya kustaafu kazi nyingine, na kitabu chake Centered Riding kilitoka 1985. Misingi yake ni minne: macho yanayotazama kwa upana bila kukodoa, pumzi inayoshuka mpaka tumboni, kitovu cha uzito kinachohisiwa ndani ya nyonga, na sehemu za mwili zilizopangwa moja juu ya nyingine. Ukiiangalia orodha hiyo kwa jicho la sura hii utaona kwamba mitatu kati ya minne ni ya kuhisi, na umbo linakuja mwisho. Wapo wanaomcheka kwa taswira zake nyingi, na baadhi kweli ni za kitoto. Hata hivyo mpangilio wake wa mambo ni sahihi: kwanza mwenye mwili arudi nyumbani, ndipo samani zipangwe.

Pingamizi la kwanza, na ndilo linalopendwa na vijana wa mazoezi, ni kwamba yote haya ni maneno mengi juu ya udhaifu wa misuli. Imarisha tumbo na mgongo, wanasema, na mkao utajisimamia. Nakubali nusu. Mtu asiyeweza kukaa wima kwenye kiti kwa dakika kumi hatakaa wima juu ya farasi, na uchovu huvunja mkao wa kila mtu. Ila nguvu hufuata njia iliyopo. Ukiongeza nguvu kwenye mwili unaovuta kushoto, unapata mwili unaovuta kushoto kwa nguvu zaidi. Mfano unaolivunja pingamizi hili ni wa Lis Hartel wa Denmark. Polio ilimpata mwaka 1944 akiwa na miaka 23 na mja mzito. Alirudia kupanda, lakini miguu yake ilibaki imepooza kuanzia magotini kwenda chini, na alihitaji kusaidiwa kupanda na kushuka. Katika Olimpiki ya Helsinki ya 1952, mara ya kwanza kwa wanawake kuruhusiwa katika dresaji, yale mashindano ya kumwongoza farasi afanye miondoko iliyopangwa, alishindana sambamba na wanaume na kuchukua medali ya fedha akiwa na farasi wake Jubilee. Mwaka 1956 akachukua nyingine. Sehemu ya mguu ambayo walimu huipigia kelele kuliko zote, kisigino na shavu la mguu, haikuwa chini ya amri yake. Alichokuwa nacho ni uzito uliowekwa mahali pake na mgongo uliozungumza na farasi. Hilo haliwezi kuitwa nguvu za misuli.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, na linanilazimisha kuwa mwangalifu: mkao upi ndio sahihi? Hadi mwishoni mwa karne ya 19, askari wa farasi wa Ulaya waliruka vizuizi wakiwa wameegemea nyuma, na walifundishwa hivyo kwa hakika ile ile tunayofundishia leo. Afisa wa Italia, Federico Caprilli, aliyefariki 1907, aliona kwamba farasi anayeruka bila mtu hujipanga kwa njia yake, akaamua mpandaji ndiye amfuate farasi: akafupisha vikuku, akasogeza uzito mbele, akaacha mgongo wa mnyama huru. Leo hakuna anayeruka kwa mtindo wa kale. Kwenye mbio nako, wapandaji wa Marekani, Tod Sloan akiwa maarufu kati yao, walipeleka Uingereza mtindo wa kuchutama juu ya shingo ya farasi na walichekwa kuwa wamepanda kama nyani; wakashinda. Utafiti uliochapishwa katika jarida la Science mwaka 2009 na watafiti wa Chuo cha Kifalme cha Tiba ya Wanyama cha London ulieleza sababu: kwa kuchutama, mpandaji hutumia miguu yake kama springi na kuuacha mwili wake usogee kwa mwendo karibu wa namna moja, hivyo farasi hulazimika kuubeba uzito huo lakini halazimiki kuurusha mbele na nyuma kwa kila hatua. Nyakati za mbio kubwa ziliboreka kwa hadi asilimia 7 karibu na mwaka 1900, mtindo huo ulipoenea. Kwa hiyo umbo moja la kudumu halipo. Kwangu mimi, hilo linaiongezea hoja uzito. Kama mkao ungekuwa umbo, tungelikariri na kumaliza. Kwa kuwa ni uhusiano kati ya miili miwili na kazi wanayoifanya, mpandaji anayehama kutoka shoti kwenda kuruka, au kutoka farasi huyu kwenda yule, hana wa kumwambia afanye nini isipokuwa hisia zake, na zikiwa bubu amepotea.

Wanaopinga kwa upande mwingine husema kwamba kujihisi kupita kiasi huua wepesi, na wanasayansi wa mazoezi wako pamoja nao. Mwaka 1998 Gabriele Wulf na wenzake waliwafundisha watu kutumia mashine inayoiga mwendo wa kuteleza kwenye theluji. Walioelekezwa kuwaza juu ya shinikizo kwenye magurudumu ya mashine walijifunza vizuri kuliko walioelekezwa kuwaza juu ya nyayo zao wenyewe, na tafiti nyingi zilizofuata katika michezo mingine zimeelekea upande huo. Mtu akifuatilia kiungo chake wakati wa kutenda, huingilia kati mambo ambayo mwili ungeyafanya vyema bila kuingiliwa. Hili siwezi kulipuuza, na nadhani walimu wengi wa “kujitambua” wanalipuuza kwa hasara ya wanafunzi wao. Jibu langu ni la wakati. Kuhisi mifupa ya kukalia ni kazi ya kutembeza farasi polepole, ya kiti cha jikoni, ya dakika tano za mwanzo. Kazi yenyewe ikianza, macho na nia vitoke nje: kwenye masikio ya farasi, kwenye mstari wa kona, kwenye mdundo wa kwato. Hapo pia ndipo taswira za Swift zinapojitetea, kwa sababu mtu anayewaza juu ya mti wenye mizizi mirefu hawazi juu ya misuli ya paja lake. Na tujiulize: amri ya “mabega nyuma” inayopigwa katikati ya telki inamwelekeza mwanafunzi wapi? Kwenye kiungo chake, katika wakati mbaya kuliko wote. Utafiti huo, basi, unaihukumu amri kabla ya kuihukumu sura hii.

Pingamizi la farasi mwenyewe kuwa amepinda nalipitia haraka, kwani lina ukweli mtupu. Farasi wana upande wanaoupenda, matandiko huvimba na kubonyea upande mmoja, na farasi anayechechemea humsukuma mpandaji wake kila hatua. Farasi hana mfupa wa mtulinga. Kifua chake kimening’inizwa kati ya mabega kwa misuli, na sehemu hiyo ya mbele ndiyo inayobeba takriban asilimia 60 ya uzito wake hata kabla hajapandwa. Mtu anayeegemea upande mmoja humlazimisha kujipanga upya, na yeye akijipanga humlazimisha mtu. Nani alianza? Njia ya kujua ni ya kizamani na haina gharama: mpandaji mmoja apande farasi watatu, farasi mmoja apandwe na watu watatu, na saisi anayemswaki kila asubuhi aulizwe jasho hukauka wapi kwanza na nywele zimelika upande gani chini ya tandiko. Kasoro inayomfuata mtu ni ya mtu. Inayobaki na farasi impeleke kwa daktari wa mifugo au kwa fundi wa matandiko.

Vioo na video, ambavyo vilabu vyenye uwezo huviwekea fahari, vina nafasi yake, lakini ndogo kuliko watu wanavyofikiri. Kioo huonyesha umbo na hakionyeshi gharama yake. Anayejinyoosha kwa kukaza na anayenyooka kwa kulegea huonekana mle karibu sawa, wakati farasi anawatofautisha kabla hawajamaliza kona ya kwanza. Video ina faida pale inapotanguliwa na swali. Mwanafunzi aseme kwanza kalio lipi lina uzito, kichwa kimeelekea wapi, pumzi imefika wapi, ndipo aonyeshwe. Kinachofundisha ni pengo kati ya alichosema na alichokiona. Bila kauli ya kwanza hakuna pengo, na video hubaki burudani ya jioni. Baada ya wiki kadhaa pengo hupungua, na hapo ndipo amri huanza kuwa na maana, kwa sababu sasa imepata wa kuipokea.

Ndiyo maana ombi langu linaelekea kwa walimu kabla ya wanafunzi, kwa wale wa vilabu na kwa wakufunzi wa askari wa farasi, ambao kazi yao huwaweka watu juu ya tandiko kwa saa nyingi mfululizo. Somo lijalo, mwanafunzi akipinda, jizuieni kupaza. Msimamisheni farasi, mmuulize aliyeko juu ni kalio gani limebeba zaidi, na msubiri jibu hata likichelewa. Akijibu vibaya, mwacheni asogee upande huu na ule mpaka aitambue tofauti kwa mwili wake mwenyewe, kisha aendelee na mwendo. Somo litaonekana la polepole na wazazi wanaolipa wataulizana kwa nini mtoto amesimama. Waelezeni kwamba ndicho wanacholipia.